Pesa ya vipimo vitatu tu: mkaa, kombe au mfupa?

ShimoLaPili:

Assalaam alaykum waungwana. Tuna shimo la mita 2 kwa 2 kaskazini ya Pemba, si mbali na ufukwe, linachimbwa kwa kibali cha Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Sentimita 20 za juu ni udongo wa shamba, palilimwa muhogo. Chini yake kuna jaa la kama sentimita 40: makombe tele, mifupa ya samaki, vigae vyenye michoro ya pembetatu shingoni. Halafu sakafu ya udongo uliopondwa, na juu yake mabonge ya udongo wa kukandikia yaliyoungua, alama za fito zinaonekana wazi. Kwenye sakafu hiyo kuna jiko, mafiga mawili yako mahali pake na la tatu limeanguka. Chini ya sakafu ni mchanga mweupe mtupu. Jaani tumepata pia kigae kimoja chenye rangi ya feruzi na shanga mbili ndogo za kioo.

Bajeti inatosha vipimo vitatu vya kaboni-14, vile vya kujua umri wa kitu, basi. Tumekwishaweka pembeni kipande kizuri cha mkaa, kikubwa kuliko kidole gumba, kutoka kwenye boriti iliyoungulia sakafuni. Tuna makombe ya kila aina, na mfupa wa mguu wa mbuzi au kondoo kutoka jaani. Wazo letu ni kupeleka kimoja cha kila aina ili tulinganishe. Ni sawa?

MaalimKaboni:

Waalaykum salaam. Si sawa, na hapo ndipo wengi wanapomaliza pesa. Mukipeleka vitu vitatu vya aina tatu kutoka sehemu tatu, majibu yakitofautiana hamutajua kama tofauti ni ya tabaka au ya aina ya kitu.

Maabara haipimi umri wa tabaka. Inapima muda uliopita tangu kile kiumbe kilipoacha kuvuta kaboni, yaani kilipokufa. Kazi ya kukifunga kile kifo na tabaka lenu ni ya mchimbaji, na mashine haiwezi kuisaidia. Tazama msikiti wa Kizimkazi Dimbani: maandishi ya Kikufi yanasema mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, lakini sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya karne ya 18. Maandishi hayasemi uongo. Yanasema umri wake yenyewe tu, wala si wa kuta. Mkaa nao ni vivyo hivyo.

Sasa hiyo boriti. Mti hukua kwa kuongeza pete kwa nje, na pete za ndani huwa zimeshakufa zamani huku mti ungali umesimama. Ukipima kiini cha mti wa miaka 150, unapata tarehe iliyozidi kwa miaka 150 hata kama mti ulikatwa na kuchomwa siku moja. Boriti za mkoko hukatwa zikiwa changa, kwa hiyo hapo hasara ni ndogo, ila boriti nzuri haitupwi: hutoka nyumba moja ikaingia nyingine, na mwisho wake ni jikoni. Kama kipande chenu kingekuwa na gamba, pete ya mwisho ingejulikana. Bila gamba, na bila mtu wa kutazama chembe zake kwa hadubini aseme ni mti gani, hicho ni kipande kizuri cha picha tu.

Ukubwa usiwababaishe. Mashine za siku hizi zinahitaji kama miligramu 1 ya kaboni safi. Mkaa hupungua sana ukioshwa maabara, kwanza asidi kuondoa chokaa, kisha alkali kuondoa uchafu wa mboji ya udongo, kisha asidi tena, na mkaa wa pwani zetu uliolala kwenye unyevu miaka elfu unaweza kuyeyuka zaidi ya nusu. Kwa hiyo miligramu 20 hadi 50 za mkaa ni salama. Punje moja ya nafaka iliyoungua ina miligramu chache tu, na mara nyingi hutosha.

Punje ndiyo ya kutafuta. Imeota, imevunwa na imeungua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kifuu cha nazi kilichoungua nacho ni kizuri mno: ni cha msimu mmoja, kina uzito, na hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anakijua akikiona. Tafuteni hivyo ndani ya jiko, baina ya mafiga.

UdongoNaMaji:

Naunga mkono punje, lakini kwa chekeche ya milimita 5 hamtaziona. Hata ya milimita 3 uwele unapita. Lazima udongo uoshwe.

Hakuna haja ya mtambo. Chukueni udongo wote wa jiko, na lita 20 hadi 40 kutoka kila tabaka la jaa, mkiandika idadi ya lita kabla ya kuosha, maana bila lita hakuna kulinganisha tabaka na tabaka. Uache udongo ukauke kivulini kwanza. Udongo mbichi ukitiwa majini mkaa unabaki umeshika kwenye bonge na haupandi juu. Kisha ndoo ya lita 20: mimina lita 5 za udongo, jaza maji hadi robo tatu, koroga taratibu kwa mkono, wala si kwa mwiko wa kusongea ugali. Ngoja sekunde tano hadi kumi mchanga ushuke, halafu mimina maji ya juu yapite kwenye kitambaa chepesi chenye matundu yasiyozidi milimita 0.3. Mtandio wa shifoni unafaa, mtandio wa kusuka haufai. Ongeza maji, rudia. Mara tatu au nne, mpaka kisielee kitu cheusi. Kitakachobaki chini ya ndoo kioshwe kwenye wavu wa milimita 1: humo ndimo mtakamokuta shanga, miba ya samaki, na vifuu, ambavyo mara nyingi ni vizito na havielei.

Kitambaa kifungwe kama kifurushi na kitundikwe kivulini siku mbili tatu. Msianike juani. Punje iliyoungua ni kama biskuti, ikikauka kwa haraka inapasuka, na mpasuko ndio unaoondoa alama za kuitambua. Baina ya tabaka na tabaka ndoo na kitambaa vioshwe kabisa. Punje moja iliyoganda kwenye uzi wa mtandio inaweza kuwahamisha karne mbili.

Kisha mbegu isiyoungua ni ya juzi. Katika udongo wa Pemba, na mvua zile, mbegu mbichi haikai miaka elfu. Mkiona mbegu ya kahawia yenye ganda laini, hiyo imeletwa na mdudu au mzizi.

Na msidhani kuosha udongo ni kwa ajili ya kaboni tu. Miji ya kale ya Tumbe na Chwaka imo huko huko kaskazini ya Pemba, na udongo wake ulioshwa hivi hivi. Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, walikula uwele zaidi na mpunga ulikuwa kidogo. Chwaka iliyofuata, kuanzia karne ya 11, mpunga umetawala. Habari hiyo haikutoka kwenye kigae wala sarafu, imetoka kwenye ndoo.

KusiNaKaskazi:

Nyote mmelikimbia kombe kana kwamba lina ugonjwa. Lina nafasi yake, ila anayelipeleka ajue analipeleka kwa nini.

Maji ya bahari yana kaboni ya zamani, kwa sababu maji ya kilindini hukaa karne nyingi bila kugusana na hewa, kisha hupanda juu. Kombe na mti vilivyokufa siku moja zamani, vikipimwa, kombe husoma kama limekufa karne kadhaa kabla ya mti. Kwa hiyo tarehe ya kombe husahihishwa kwa mstari wa baharini, yaani mchoro wa kugeuza umri wa maabara kuwa miaka ya kalenda, ambao sasa ni Marine20, pamoja na nyongeza au punguzo la eneo. Hapo ndipo watu wanapoteleza: punguzo la eneo lililokokotolewa kwa mstari wa zamani wa Marine13 halitumiki na Marine20. Lazima likokotolewe upya. Mkiona ripoti imechanganya hivyo viwili, irudisheni.

Aina ya kombe nayo ina maneno. Chaza na kombe wengine wanaochuja maji hufuata kaboni ya bahari. Konokono wa mikokoni hula majani yaliyooza na tope, kwa hiyo kaboni yake ni mchanganyiko wa nchi kavu na bahari, na hakuna mstari unaomfaa sawasawa. Konokono wa nchi kavu ni mbaya kuliko wote hapa kwetu, maana hutafuna chokaa ya mawe ya matumbawe kujengea nyumba yake, na kaboni ya jiwe hilo imekufa kitambo. Anaweza kujizidishia karne nyingi.

Halafu kuna jambo ambalo wachimbaji wa visiwani hulisahau. Hata punje ya uwele inahitaji mstari wa kusahihishia, na ipo miwili: wa kaskazini ya dunia na wa kusini. Hewa ya kusini husoma kama miaka 36 zaidi kwa wastani. Pemba iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, wengi huchagua SHCal20, mstari wa kusini, bila kufikiri. Lakini hewa yetu si ya upande mmoja. Wakati wa kaskazi tunavuta hewa ya kaskazini, wakati wa kusi tunavuta ya kusini, na mmea uliokua masika haukuvuta hewa ile ile na uliokua vuli. OxCal, programu ya kompyuta ya kusahihishia tarehe, inaruhusu kuchanganya mistari miwili, na hiyo ndiyo njia ya uaminifu. Mkichagua mmoja tu, semeni ni upi na kwa nini. Tarehe iliyosahihishwa isiyotaja mstari haina maana.

Msitarajie mwaka kamili. Vigae vya pembetatu ni vya karne ya 7 hadi ya 10, na katikati ya kipindi hicho mstari una tambarare, miaka mingi tofauti husoma umri ule ule. Kipimo cha umri wa miaka 1200 ± 30 kikisahihishwa kinaweza kuenea karne nzima au zaidi. Si kosa la maabara, ndivyo hewa ya wakati ule ilivyokuwa.

ShimoLaPili:

Shukran sana. Maswali matatu. Kisima cha karibu kina maji ya chumvichumvi, yatafaa kuoshea? Pili, kwenye kona ya mashariki kuna duara jeusi, kipenyo kama sentimita 8, linashuka kutoka jaani mpaka kwenye mchanga mweupe. Tatu, hakuna aliyeusemea mfupa.

UdongoNaMaji:

Maji ya chumvi yataosha, lakini yakikauka yanaacha fuwele ndani ya vitundu vya punje na zinaipasua. Osheni kwayo kama hakuna budi, kisha kitambaa kizima kichovywe mara mbili kwenye maji baridi safi kabla ya kutundika. Dumu mbili za maji ya mfereji zinatosha kwa kazi ya siku.

Duara hilo ni shimo la kaa, nina hakika kwa maelezo yako. Likwangueni leo kabla ya kitu kingine chochote. Udongo wake huwa mwepesi, mweusi zaidi, na ukiugusa kwa ncha ya mwiko unazama. Uchimbwe peke yake, upewe namba yake, na kila kitu kilichotoka humo kisitumike kwa tarehe, hata kiwe kizuri namna gani. Kaa anashusha punje za shamba la juzi mpaka kwenye mchanga wa chini, na anapandisha mchanga wa chini juu ya jaa. Sakafu iliyopondwa ndiyo ngao yenu: pale ilipo nzima, kaa hakupita. Ndiyo maana jiko ni bora kuliko jaa. Jaa halina mlango.

Kwa sababu hiyo hiyo, msitie mkaa wa kuokoteza vipande kumi kwenye mfuko mmoja na kuupima kama sampuli moja. Mtapata wastani wa vitu kumi ambavyo pengine havikuwahi kuonana.

MfupaMkavu:

Mfupa kwanza, halafu mwenye bajeti ataamua.

Kinachopimwa kwenye mfupa ni kolajeni, protini ya mfupa, na kolajeni haipendi joto wala maji. Udongo wa jaa lenye makombe una chokaa, hivyo mfupa unaonekana mzima, mgumu, unalia ukigongwa, lakini ndani kolajeni imeshakwenda. Sura haiaminiki. Njia ya bei ndogo ni kupima kwanza nitrojeni ya unga kidogo wa mfupa, kabla ya kulipia kaboni. Ukionekana umebakiwa na kitu, na kolajeni ikatolewa, uwiano wa kaboni kwa nitrojeni uwe baina ya 2.9 na 3.6. Nje ya hapo, tarehe yake msiitie kwenye maandishi hata kama imewapendeza.

Mfupa wenu una faida nyingine. Mbuzi na kondoo hawatofautishwi kwa jicho katika mifupa mingi, lakini vipande vya kolajeni vikipimwa kwa spektrometa, mashine ya kupima uzito wa molekuli, huwatofautisha, na kazi hiyo inahitaji kipande cha miligramu chache tu. Kuku na panya weusi wa pwani hii walitafutwa kwa njia za namna hiyo, kolajeni, vinasaba na kaboni kwa pamoja, na ikaonekana wameingia kwenye karne ya 7 na ya 8, si mapema kama ilivyodaiwa kwenye baadhi ya mapango. Kwa hiyo hifadhini mfupa. Msiutie gundi, msiuandike kwa wino, msiuoshe kwa sabuni. Uvikwe karatasi ya foili na uwekwe mahali pa baridi.

Vinasaba vya watu ni jambo jingine. Mifupa ya pango la Makangale, Pemba, na ya pango la Kuumbi, Jambiani, ilitoa vinasaba vya watu wa miaka kama 1,400 iliyopita, wawindaji waliokuwa na nasaba na wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki. Mapangoni joto halipandi na kushuka ovyo, na sehemu inayotafutwa ni ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio. Shimo lililo wazi ufukweni ni bahati nasibu. Na mkikutana na mfupa wa mtu, mkono unasimama hapo hapo. Funikeni, piga simu Idara, na wazee wa kijiji waambiwe siku ile ile. Asije akaambiwa mjumbe baada ya wiki kwamba kuna maiti kwenye boksi.

MaalimKaboni:

Narudi kwenye pesa. Kipimo kimoja mara nyingi ni kati ya dola 300 na 600, kutegemea maabara na huduma, kwa hiyo kukosea kunauma.

Rai yangu: musipeleke vitatu kwa mkupuo. Pelekeni viwili, punje au kifuu kutoka ndani ya jiko, na kingine cha aina hiyo hiyo kutoka juu ya jaa, chini kidogo ya udongo wa shamba. Majibu yakija, wiki kadhaa au miezi, ndipo munaamua cha tatu. Kama viwili vimekaa kwa mpangilio, cha juu kipya kuliko cha chini, cha tatu kitoke chini ya jaa, papo juu ya sakafu, kisha munaviingiza vyote OxCal kwa mfuatano wa tabaka. Mfuatano wenyewe unapunguza upana wa tarehe. Kama vimepinduana, cha tatu kitoke jikoni tena, kwa sababu hapo munashuku kaa.

KusiNaKaskazi:

Hapo tunaachana kidogo. Kama ndani ya jiko lile lile kuna chaza zilizofunga, pande zote mbili pamoja, zilizoliwa pale pale, mimi kipimo cha tatu ningekitia kwenye chaza moja. Punje na chaza za mlo mmoja zinatoa tofauti ya bahari na nchi kavu kwa mahali hapa na wakati huo, na tarakimu hiyo itamfaa kila atakayechimba Pemba baada yenu.

MaalimKaboni:

Kwa sayansi ya bahari ni kweli. Kwa shimo hili lenye pesa ya vitatu, hapana. Chaza ziwekeni, hazitaoza, na atakayekuja na bajeti yake azipime. Muhimu ziwe zimeandikwa zilitoka ndani ya jiko gani na kina gani.

Namna ya kutoa punje: vyombo safi, kibano cha chuma, si vidole. Asivute mtu sigara karibu na shimo, jivu la sigara ni kaboni ya jana. Punje iwekwe kwenye foili, foili ndani ya kichupa au mfuko, na karatasi ya jina ikae kwenye mfuko wa nje, isigusane na punje. Msitumie pamba wala tishu kama mto. Isifungwe ikiwa na unyevu, itaota ukungu, na ukungu huleta kaboni ya leo. Andikeni namba ya shimo, tabaka, kina kutoka kwenye nukta moja ya kudumu iliyopigwa kwenye mti au ukuta, si kutoka juu ya ardhi, maana ardhi itasawazishwa. Pigeni picha punje ikiwa na kipimo pembeni, kwa sababu maabara itaichoma yote na haitarudi.

Mukiandika fomu, semeni wazi kwamba ni uwele, kama ni uwele. Uwele na mtama huvuta kaboni tofauti na miti. Maabara ikidhania ni mbao za kawaida badala ya kupima, tarehe itakuja changa kwa zaidi ya miaka 200. Maabara nzuri hupima hilo yenyewe, lakini ulizeni. Na ripoti ikija dai namba ya maabara, umri usiosahihishwa pamoja na ±, na tarakimu ya kaboni-13, ile inayoonyesha mmea ulivuta kaboni kwa namna gani. Tarehe iliyosahihishwa peke yake msiikubali: mistari hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na bila tarakimu ya mwanzo hakuna atakayeweza kuisahihisha tena.

ShimoLaPili:

Nimeelewa. Kigae cha feruzi na shanga je, navyo vinaweza kutusaidia bila gharama?

KusiNaKaskazi:

Kigae cha feruzi, cha majagi yaliyotoka upande wa Iraki na Ghuba, kilitengenezwa kwa karne kadhaa bila kubadilika sana, kwa hiyo kinawaambia mko ndani ya uwanja gani tu. Shanga zina zaidi. Zikichomwa kwa leza maabara na madini yake kuhesabiwa, kioo chenye alumina nyingi huelekeza Asia ya Kusini, na kioo cha majivu ya mimea huelekeza upande wa Ghuba. Alama ya leza haionekani kwa jicho, shanga haiharibiki. Gharama ipo, ila si lazima sasa.

MfupaMkavu:

Na kabla ya kifurushi kuvuka bahari, barua ya Idara ya kutoa sampuli nje ya Zanzibar iwe mkononi, ikitaja kila punje kwa namba yake na kwamba kipimo kinaiteketeza. Kibali cha kuchimba si kibali cha kusafirisha. Pakiwa na punje zaidi ya moja jikoni, nusu ibaki Makumbusho.